Tunauza uzinduzi, matunzo hatuuzi

Mteja akikujia hapa Bagamoyo swali lake la kwanza ni moja tu, "tovuti bei gani?", na sisi mafundi wa hizi kazi tunamjibu kwa namba moja, laki kadhaa, nusu advansi, iliyobaki ikishapanda hewani. Mi naona ugonjwa wote wa tovuti zetu unaanzia kwenye hiyo namba moja. Watu wanalaumu utaalamu, eti vijana hawajui kazi, wamejifunzia YouTube, sijui nini, hapana bwana, vijana wanajua sana, kuna madogo wa Dunda na Magomeni ukiwapa lepitopu na bando la wiki wanakutolea kitu ambacho ofisi ya Masaki ingekitoza milioni. Kinachotuumiza ni bidhaa tunayoiuza. Tunauza siku ya uzinduzi, basi, kesho yake hakuna anayemdai mwenzake kitu.

Ukitaka ushahidi tembea tu. Anza kwenye barabara ya kutokea Dar, ingia Mji Mkongwe, pita India Street, toka mpaka njia ya Kaole, soma vibao vya nyumba za wageni, vya waongoza watalii, vya wachoraji na wachonga vinyago, vingi vina anuani ya tovuti chini ya namba ya simu. Toa simu uzifungue. Kuna zinazofunguka vizuri, hongera zao. Kuna zinazosema hazipo. Kuna zinazofunguka ila bei za vyumba ni za kabla ya korona na mhudumu anayecheka kwenye picha alishahamia Zanzibar. Na kuna inayofunguka afu inakutupa kwenye mambo ya kubeti kwa lugha usiyoijua, maana domeni, yaani lile jina la anuani ya tovuti, iliachwa ikaisha muda, na duniani kuna watu kazi yao ni kuokota domeni zilizoachwa ambazo Google inazifahamu tayari. Yaani rangi ya kibao, pamoja na jua letu na upepo wa chumvi, imedumu kuliko tovuti iliyoandikwa juu yake.

Inavyokufa ni rahisi sana. Fundi anasajili domeni kwa jina lake au kwa imeili aliyoifungua siku hiyo hiyo, analipia mwaka mmoja wa hosti, yaani nafasi kwenye sava, kompyuta ya kampuni inayoiweka tovuti hewani, anamkabidhi mteja, wanapiga picha. Mwaka wa pili ukikaribia kampuni ya hosti inatuma ukumbusho kwa Kiingereza kwenye ile imeili ambayo pasiwedi yake anaijua fundi peke yake, na fundi kashapata ajira Dodoma. Ukumbusho wa pili, wa tatu, kimya. Mwenye hoteli anakuja kugundua miezi imepita, tena anaambiwa na mgeni. Na kinachokera ni kwamba domeni ya .co.tz kwa mwaka mzima ni chini ya hela anayolipa mgeni kulala usiku mmoja kwenye hoteli nyingi za ufukweni. Hela ilikuwepo. Hakukuwa na mtu ambaye hiyo ilikuwa kazi yake.

Najua kuna watakaosema tovuti za nini siku hizi, kila kitu kipo Insta na WhatsApp. Kwa watu wengi ni kweli kabisa, na mi mwenyewe kinamama wa mwani wa Mlingotini wakiniuliza nawaambia wazi fungueni WhatsApp ya biashara, hela ya tovuti nunueni kamba. Ila mwenye nyumba ya wageni anayetegemea Mjerumani apange safari akiwa kwao miezi sita kabla, huyo anahitaji mahali pake mwenyewe ambapo hakuna wa kumfungia akaunti asubuhi bila maelezo. Ndo nawaongelea hao.

Sasa turudi kwenye swali ambalo wateja wananiuliza, na ni swali la akili. Programu haipati kutu. Faili nililoandika 2014 lina herufi zile zile leo, hakuna hata moja iliyodondoka. Inaharibikaje? Jibu la zamani kidogo ni la Meir Lehman, aliyewahi kuwa mtafiti IBM kabla ya kuhamia Imperial College London. Toka 1974 alisema kwamba programu inayotumika na watu kwenye maisha yao lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo inazidi kutofaa kila siku inayopita, kwa sababu dunia iliyotengenezewa haikai ilipo. Miaka 50 imepita na bado tunaandika makisio ya bei kama vile hatujasikia.

Chukua PHP, lugha ya programu ambayo ndo inaendesha tovuti nyingi mno hapa kwetu maana WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, imejengwa juu yake. Desemba 2015 lilitoka toleo la 7 na zile amri za zamani za kuongea na databezi (ghala la taarifa) ya MySQL zikaondolewa kabisa, kwa hiyo mtu aliyeandika mfumo wake wa kuweka oda mwaka 2010, kazi nzuri, haina kosa, siku kampuni ya hosti ilipohamisha sava kwenda toleo jipya aliamka akakuta ukurasa mweupe. Toleo la 5.6 liliachwa, yaani wenyewe waliacha kulitunza, mwisho wa 2018, 7.4 likaachwa Novemba 2022, na litakaloachwa kesho ndo hilo tunalosifia leo. Flash nayo, wale wa zamani mnakumbuka tovuti za hoteli zilizokuwa zinaanza na muziki na mawimbi, ilizimwa rasmi mwisho wa Desemba 2020 na zote zile zikawa boksi tupu la kijivu.

Afu kuna kile cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli. Toka Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinauandika kila ukurasa usio nacho kwamba sio salama, mteja akiona hivyo anajua kashaibiwa, anakupigia usiku. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vilipotoka mwishoni mwa 2015 vilikuwa vya siku 90. Vile vya kununua vilikuwa vinakaa miaka, ila toka Septemba 2020 mwisho wake ukawa siku 398, na Aprili 2025 watengenezaji wa vivinjari na watoaji wa vyeti walikaa wakapiga kura kushusha tena kidogo kidogo, siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, mpaka ifike 47 Machi 2029. Wana sababu zao na nyingi ni za maana, cheti kilichoibiwa kisiishi muda mrefu. Ila angalia maana yake kwako wewe fundi wa huku: kitu ulichokuwa unakiweka kwa mkono mara moja kwa mwaka kinakuwa kitu ambacho lazima kijiwekee chenyewe, na siku kisipojiweka lazima kuwe na mtu wa kujua. Nani? Kwenye ile namba moja ya laki kadhaa hayumo.

Cha kushangaza ni kwamba hapa Bagamoyo ndo mahali pa mwisho ambapo ungetegemea watu washindwe kuelewa hili. Nenda ufukweni karibu na soko la samaki maji yakiwa yametoka, utakuta mashua na majahazi yamelazwa mchangani, mafundi wanachokoa pamba iliyochoka kwenye maungio ya mbao wanakalafati upya, wanapaka deheni chini, kesho kutwa chombo kinarudi majini. Hakuna mwenye chombo anayeona hiyo ni hasara au ni dalili kwamba fundi wa kwanza alilipua. Anaipigia hesabu toka siku anayonunua. Mteja wetu huyo huyo, ambaye baba yake alikuwa nahodha, tunamuuzia tovuti tukimwambia ni ya kudumu, afu tunashangaa akigoma kulipa mwaka wa pili. Bahari ya tovuti ni programu za watu wengine zinazobadilika chini yake kila siku, ila hatukumwambia.

Hapa nataka niwe makini kidogo maana sio kila kitu kinaoza sawa, na hii tofauti ndo inaamua bei. HTML yenyewe, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, haiozi. Ukurasa wa kwanza wa wavuti alioutengeneza Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, watu wa nje wakaanza kuuona 1991, nakala yake ya zamani imewekwa pale pale na unaifungua leo kwa simu janja ya laki mbili, unasoma vizuri tu. Hiyo sio bahati. Watu wa vivinjari wana msimamo wa kutovunja kurasa za zamani, na wanausimamia mpaka inachekesha. 2018 walitaka kuongeza kwenye JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya vivinjari, amri mpya ya kunyoosha orodha, wakaipa jina flatten, wakakuta kuna tovuti za zamani zinazotumia maktaba (kodi iliyoandikwa tayari) ya MooTools, ambayo siku hizi karibu hakuna anayeigusa, zitavunjika kwa sababu ya hilo jina. Mtu mmoja akapendekeza waiite smoosh, kwa utani nusu, watu wakachambana, mwisho ikaitwa flat na mambo yakaisha. Yaani lugha inayotumika dunia nzima ilikubali kubadilisha jina la kitu kipya ili kisivunje tovuti ya mtu asiyejulikana ambaye pengine alishasahau kama anayo.

Kwa hiyo ghorofa ya chini inashika ahadi yake. Kinachooza ni tunavyoviweka juu, na tunaviweka vingi mno. Menyu, bei za vyumba, picha nane, ramani na namba ya simu, hiyo ni kazi ya kurasa chache za HTML, ila nenda kaangalie vilivyomo ndani, utakuta WordPress yenye plagini (programu za kuongezea) thelathini, au fremuweki (kiunzi) ya JavaScript iliyoshusha maktaba mia tisa ili ionyeshe kitufe cha kupiga simu. Sisemi hivyo vitu ni vibaya, duka lenye bidhaa elfu tatu linavihitaji. Nasema kila kimoja ni deni la matunzo, na tunakopa kwa niaba ya mtu asiyejua kama kakopa.

Na kwa nini tunafanya hivyo? Wengi wanasema uvivu au ushamba wa mitindo. Mi nasema ni ile namba moja. Kama nalipwa mara moja, akili inaniambia nimalize haraka nikatafute mwingine, na njia ya haraka ni kuchukua themu (sura ya tovuti) iliyotengenezwa tayari na kubandika plagini kwa kila anachotaka mteja. Tena bora ingekuwa themu ya kununua, kuna zile za kulipia zilizovunjwa zinazogawiwa bure kwenye magrupu ya Telegram, na mtu aliyekaa akaivunja ile themu hakufanya kwa upendo, ndani kaacha mlango wake, miezi mitatu mbele tovuti ya hoteli inatuma imeili za utapeli dunia nzima. Fundi kashalipwa, gharama ya ule mlango inamkuta mteja. Ungekuwa unalipwa kila mwaka mradi tovuti izidi kuwa hai usingeigusa ile themu hata kwa fimbo, kwa sababu anayeamka usiku ni wewe.

Huko kwa wakubwa nako matunzo ni yatima, tusijidharau sana. Machi 2016 kijana mmoja aitwaye Azer Koçulu aligombana na wenye npm, ghala la vifurushi vya kodi ya JavaScript, kuhusu jina la kifurushi, akaondoa vifurushi vyake vyote, na kimojawapo kilikuwa left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi mbele ya maandishi. Babel, chombo kinachotumiwa na waandishi wengi wa JavaScript, ilikuwa inakitegemea kupitia vifurushi vingine, na kazi za watu huku na huku zikagoma kujengeka mpaka npm wakakirudisha kwa nguvu. Hilo lilikuwa la kuchekesha. La 2024 halikuchekesha. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo imo karibu kila Linux, mfumo unaoendesha sava nyingi, ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin, aliyekuwa ameshachoka. Akajitokeza mtu anayejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, mpole, mchapakazi, akapewa funguo, akaweka mlango wa siri ambao ungeweza kumwingiza kwenye sava nyingi mno za dunia. Aliyeustukia ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na programu ya databezi ya PostgreSQL, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde akaudhika, akachimba. Watu wamesoma ile habari kama ya kijasusi. Mi niliisoma kama habari ya mtu aliyepewa kazi ya matunzo bila mshahara mpaka mgeni yeyote anayesema "nikusaidie" akawa mkombozi.

Haya, nikisema tuuze matunzo wenzangu wananicheka, wanasema jaribu uone. Nimejaribu. Mazungumzo yanakuwaga hivi, namwambia mzee mwenye nyumba ya wageni, shikamoo mzee, kutengeneza ni hela hii, afu kila mwaka kuna hela hii ya kuitunza. Ananiangalia. "Marahaba mwanangu, sasa nikulipe tena kwa kitu ulichokwishamaliza? Unataka mshahara?" Na kwa hesabu zake hajakosea, fundi wa umeme anamlipa taa ikizima, hamlipi kwa taa inayowaka. Nikianza kumweleza PHP na vyeti nimeshampoteza. Kilichonisaidia ni kuacha kueleza na kumwonyesha vya jirani zake, tunakaa na simu tunafungua za mtaa wake moja baada ya nyingine, akifika kwenye ile ya kubeti anasema astaghfirullah, tunaanza kuongea bei upya.

Bei yenyewe naigawa. Kutengeneza nimeshusha, kabisa, maana natumia HTML ya kawaida na programu ndogo inayokusanya kurasa, haina databezi, haina cha kuapdeti, mdukuzi akija hakuti mlango. Matunzo ya mwaka yako pembeni na yameandikwa yanahusu nini, domeni, hosti, cheti, bakapu, kubadilisha bei na picha pale anaponiambia. Domeni naisajili kwa jina lake na namba yake ya simu, sio yangu, na pasiwedi zote zinaandikwa kwenye kauntabuku inayokaa kwenye droo lake kule kaunta, najua wataalamu wa usalama watanipigia kelele ila mwizi wa Urusi hafiki kwenye droo la Bagamoyo, na siku mi sipo mtu mwingine anaendelea. Na hela ya matunzo naidai Agosti. Hii nawaambia vijana bure: usimdai mwenye hoteli wa hapa Aprili, masika vyumba vitupu anakuona adui, mdai wageni wakiwepo.

Na safari hii hatuna muda mrefu wa kubishana, maana toka hizi akili bandia zimeingia, ChatGPT Novemba 2022 na zilizofuata, mwenye hoteli akikaa na mpwa wake jioni moja anatoka na tovuti inayopendeza, na hakuna sababu ya kumkataza. Bei ya uzinduzi inaelekea sifuri. Fundi aliyekuwa anauza uzinduzi peke yake atabaki na nini cha kuuza? Ila ile tovuti ya mpwa nayo ina domeni inayoisha, cheti kinachoisha, na maelfu ya mistari ambayo sio mpwa wala mjomba wake aliyeisoma. Tutatengenezewa tovuti nyingi kuliko zamani na zitakufa nyingi kuliko zamani.

Kuna jambo moja halisemwi na ndo linalonitisha kuliko ya kubeti. Hizi tovuti zilizoachwa, zisizo na mtu, nyingi zilikuwa na fomu ya kupanga chumba, jina, simu, tarehe, nyingine zilikuwa zinaomba picha ya pasipoti kabisa. Zile taarifa bado zimekaa kwenye databezi ambayo hakuna anayeiangalia. Tanzania sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa ndo anawajibika kuzilinda. Siku zikivuja, mwenye hoteli atasema muulizeni fundi, fundi atasema mi nilishakabidhi, ana risiti. Wote watakuwa wanasema kweli, na barua ya kujieleza itapelekwa kwenye ile hoteli.

Wenzangu wanasema ukienda hivyo wateja watakukimbia kwa mtu wa laki mbili. Wanakimbia, ndio. Baadhi wanarudi, na kazi ya kwanza wakirudi inakuwa kumtafuta aliyeshika domeni, huyo wa Dodoma, na kumbembeleza. Kwa sasa wa matunzo nilionao ni wachache, nyumba za wageni, mwongoza watalii mmoja wa Kaole, na kikundi cha ngoma ambacho hulipa baada ya tamasha, sio kabla. Inalipa intaneti na umeme. Kodi ya ofisi bado, kwa hiyo nafanyia sebuleni.